Glasi ya Maziwa ya Mfano

Walikutana mbele ya duka la maziwa, saa ya msongamano. Fundi alikuwa ndani ya shimo la maji machafu, tope hadi kiunoni, wapita njia wameziba pua.

"Dada, samahani, nisogezee hiyo spana."

"Yakh! Niishike hiyo?" Mwalimu, ndani ya blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, aliisukuma kwa ncha ya kiatu, kisha akakifuta kiatu. Hakuitwa Bi Kinyaa bure.

Jioni, fundi huyohuyo, kaoga akatakata, akaingia darasani kwake kujifunza Kiingereza. Haukupita muda, ikawa hawalali bila kupigiana simu. Shangazi yake mwalimu akamwonya: "Mchagua nazi hupata koroma. Huyu usimwache."

Mwalimu alikuwa na mtindo wake: anayejibu vizuri hupewa mfano wenyewe uliopo mezani, aule palepale. Siku hiyo palikuwa na mayai ya kuchemsha na glasi ya maziwa.

"Mayai yanahesabika, tunasema *many eggs*. Maziwa hayahesabiki. Tunasemaje?"

"*Much milk*, mpenzi… samahani, mwalimu!" Darasa zima likaangua kicheko.

"Haya, hongera. Kunywa."

Fundi akayagugumia yote huku akitabasamu. Mwalimu alipoichukua glasi, harufu ikampiga usoni. Lo! Maziwa ya darasa la jana, yameganda mabonge! Mtu gani huyu asiye na kinyaa? Na mdomo huohuo ndio uje umbusu? Ptuu! Tangu hapo simu zake hakupokea, hadi siku alipopokea ili amfukuze.

"Unapiga ili nitapike?"

"Kutapika nimemaliza mimi, mpenzi. Siku ile nilitapika njia nzima."

"Kumbe ulijua yameharibika?"

"Nilijua tangu funda la kwanza."

"Sasa ulimeza ya nini, wewe mwanamume?"

"Ulinipa wewe, mbele ya wanafunzi wako. Ningetema, wangekucheka wewe."

Mwalimu aliona aibu, akavaa viatu, akamfuata fundi hadi shimoni alikokuwa kazini.

"Usisogee, nanuka!"

"Nasikia." Kichefuchefu kilimpanda hadi kooni, akakimeza. Akaukamata ule mkono wenye tope, akaung'ang'ania. "Unanuka, baba wee, sikufichi! Kesho nenda kwa shangazi ukanipose. Lakini uoge kwanza."

Fundi akacheka hadi spana ikamponyoka. "Na wakinikaribisha maziwa?"

"Nitayaonja mimi kwanza."