Bawabu Aliyeuliza "Umesikia?"

"Mama Elia, husikii?" jirani yake, Bi Nasemba, alimuuliza siku ile kutoka ng'ambo ya ua.

Tabitha Mhina akatega sikio. "Nisikie nini, shoga?"

"Maharage yako yanaungua, mwenzangu! Mtaa mzima tunakohoa, wewe umekaa tu!"

Walicheka. Lakini Tabitha alipokwisha kuinjika sufuria nyingine, alifungua sanduku akatoa koti la marehemu mumewe. Miaka miwili sasa koti lile halikumnukia kitu. Alidhani harufu imekwisha nguoni, akamwambia Mungu asante hata kwa hilo. Sasa akampelekea Bi Nasemba alinuse.

"Lo, tumbaku! Baba Elia mtupu."

Tabitha akalikunja polepole. Kumbe mume hakuwa ametoka kwenye koti.

Asubuhi akaenda kazini kama kawaida. Zama hizo Tanga ilikuwa na magari ya kuruka, na betri zake zikichoka zililetwa kiwandani ziyeyushwe kwenye matangi ya tindikali, madini yapatikane tena. Langoni alisimama Bawabu, roboti mrefu mwenye sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Kila mfanyakazi alisomewa masharti ya siku: glavu, buti, miwani. Kisha Bawabu alitoa pumzi kidogo kifuani, akauliza, "Umesikia?"

"Nimesikia," walijibu wote, kama mtu anavyomjibu mkubwa wake.

Siku hiyo Tabitha alikumbuka "husikii?" ya Bi Nasemba, asijibu. Bawabu akauliza mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Sijasikia," na lango likajifunga. Akapelekwa kwa Mhandisi Semboja, aliyemuunda Bawabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile pumzi ya Bawabu ni ya nini?"

"Karafuu," Semboja akasema, akishangaa. "Mvuke wa tindikali huanza kula pua, kisha meno, kisha mapafu. Aliyekufa pua hajui kama hewa imechafuka. Kwa hiyo Bawabu hupuliza karafuu, halafu huuliza."

"Sisi tulidhani anauliza kama tumesikia masharti."

Semboja akageukia meza yake. Akawasha kioo cha mezani. Miaka sita ya sauti ya Tabitha ikajipanga hapo: nimesikia, nimesikia, nimesikia.

"Kwa kumbukumbu hizi, mama, pua yako nzima. Ndiyo maana hukupewa barakoa ya kuchuja hewa."

"Tuko wanawake kumi na wawili pale matangini. Mama Shekigenda hawezi kutafuna hata ndizi, meno yamemwisha kama chumvi mvuani. Naye husema nimesikia. Nakuomba uyafunge matangi, utupime upya."

"Kufunga matangi si jambo dogo. Nitajuaje kama kosa ni la swali, si la mashine isiyopuliza vizuri? Karafuu hii ni kali, mtu hawezi kuikosa." Akachukua chupa ndogo kutoka rafuni, akafungua kizibo, akamsogezea.

"Sisikii kitu, mwanangu."

Semboja akaivuta chupa puani mwake mwenyewe. Akavuta tena, kwa nguvu. Akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga; ilikuwa imejaa. Ofisi yake ilikuwa juu ya matangi, madirisha yakiwa wazi miaka yote sita, na yeye hupita mlango wa nyuma usio na Bawabu.

"Labda imechuja," akasema kwa sauti ndogo.

Mlango ukafunguliwa. Mhudumu wa ofisi, aliyeanza kazi juzi, aliingia na chai, akasimama, akaziba pua kwa kanga.

"Jamani! Nani kamwaga karafuu humu?"

Tabitha alimtazama Semboja, akamwona amekuwa mpweke ghafla, kama yeye alivyokuwa jana na lile koti mkononi. Alitamani kumwambia pole, mwanangu.

Semboja akafunga chupa. Akaweka kidole kwenye alama nyekundu ya kioo, akakishikilia pale mpaka ngurumo ya matangi chini yao ikafifia, ikakoma. Kisha akainuka, akaipita chai yake, akatoka.