Chakula cha Kheri Nyuma ya Pazia

Kila alipotoka shuleni, Sumaiya alinawa mikono, akampokea mdogo wake Kheri kutoka kwa bibi yao, akaenda kumlisha nyuma ya pazia. Nyumba yao ya Msambweni haikukosa watu. Jirani alikuja kuomba chumvi kidogo akakaa hadi magharibi, na Bibi aliogopa kijicho.

"Mtoto alishwe ndani," alisema Bibi. "Macho ya watu yana mambo."

Kheri, mwenye miaka miwili, alikubali biskuti na chai ya sukari tu. Akiona sima au mchicha alifumba mdomo kama kombe la baharini. Sumaiya alimbembeleza, akamtisha, hata akambana pua. Kheri alilia hadi akapaliwa. Mwishowe Sumaiya alimchovyea biskuti kwenye chai, kilio kikakatika. Mchicha aliwamwagia kuku dirishani.

Jioni Mama alirudi kutoka Diani, alikofua mashuka hotelini. "Amekula?"

"Amemaliza, Mama."

Uwongo huo ulipita mwezi. Miguu ya Kheri ikawa kama fito. Akaacha kukimbia, akawa wa kukaa tu.

Siku moja bombani Sumaiya alisikia majirani. "Umemwona yule mtoto, shoga? Mamake anafua mashuka ya wageni, wa kwake anakauka!" Sumaiya alibeba ndoo yake nusu, akaondoka akilia.

Shule zilipofungwa, alifuatana na Mama na Kheri kliniki. Muuguzi, Sista Kahaso, alimzungushia Kheri mkanda wa kupimia mkono.

"Manjano," alisema, "yaani amekonda, na nyekundu ya hatari iko hapa jirani. Asipoongezeka kwa wiki mbili, tutamlaza."

"Lakini anakula, Sista!" Mama alimaka. "Kila siku anamaliza bakuli! Ana ugonjwa gani? Mtoto wangu anakufa?"

Sumaiya hakuweza tena. "Mama, Kheri hali. Chakula nawamwagia kuku. Nampa biskuti anyamaze."

Mama alimtazama kana kwamba hamjui.

"Anakula na nani?" Sista Kahaso aliuliza taratibu.

"Peke yake, nyuma ya pazia," alijibu Sumaiya. " Sisi twala kwenye sinia."

"Basi atajuaje kwamba mchicha ni chakula, naye hajaona mtu akiula? Mkalisheni sinia moja nanyi. Chai na biskuti ziondoke. Leo mwekeeni kunde kidogo, kesho samaki, keshokutwa papai. Msimlazimishe. Akikataa, mjaribu tena."

Nyumbani Bibi alishika kiuno. "Na macho ya watu?"

"Mama," alijibu mamake Sumaiya, "njaa ndiyo inayomla mwanangu."

Siku ya kwanza Kheri alirusha sima. Siku ya pili alilia biskuti mpaka sauti ikamkauka, na Sumaiya akalia naye. Siku ya tatu alikunywa maziwa tu. Mama hakulala. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Siku ya nne binamu yao Abdulbasit aligombania kipande cha samaki na Sumaiya. "Changu hicho! Mlafi wewe!" Katikati ya kelele, mkono mdogo ulipita ukachota sima yenye kunde upande wa Abdulbasit. Wote waliganda.

"Kuleni!" Bibi alinong'ona. "Msimkodolee macho!"

Kheri alitafuna, akakunja uso, akameza. Akachota tena.

Kesho yake alikataa kunde, akala samaki. Papai alilitema mara tatu, ya nne akalinyonya.

Wiki mbili zilipotimia, Sista Kahaso alizungusha mkanda. Sumaiya alifumba macho.

"Bado ni manjano," alisema Sista, "lakini ameiacha nyekundu nyuma. Halazwi. Endeleeni hivyo hivyo." Mama alimshukuru Mungu.

Kisha Sista alimgeukia Sumaiya. "Mwanangu, kumlisha mtoto mkaidi kunawashinda hata watu wazima, wala si aibu. Lakini kazi ikikushinda, sema. Nduguyo alikuwa anakonda, na aliyejua sababu alikuwa amenyamaza."

"Nisamehe, Mama," Sumaiya alisema.

Mama alimpa Sumaiya mtoto ambebe. "Nimekusamehe. Twende, njiani tutafute ndizi. Hajazionja bado."