Elizabeti Aliyetajwa Kanisani

Elizabeti alimwogesha mwanawe, Noa, akajifunga khanga safi. Mumewe, Methusela, mkata mkonge, alikuwa mlangoni akiwasubiri. Wakaenda kanisani pamoja, kama Jumapili zote pale kambini, karibu na Maramba.

Manase, mwalimu wa kanisa, huwaombea wagonjwa kwa majina. Siku hiyo alifumba macho akasema, "Bwana, mponye dada yetu Elizabeti, anayesumbuliwa na kifafa."

Elizabeti aliganda. Ugonjwa wake waliujua mumewe na Ernesti, dresa aliyempa dawa zahanati, basi!

Nje, jirani yake Semeni alimpokonya mwanawe mwenyewe kipande cha muhogo alichopewa na Elizabeti.

"Tema! Tema upesi!"

"Semeni, jana si tumekula sahani moja?"

"Jana sikujua, mwenzangu."

Nyumbani, Elizabeti alilia. "Zahanati sirudi. Vidonge vikiisha, basi."

"Utaangukia motoni, Mama Noa!" Methusela alisema.

"Heri moto kuliko macho yale."

Methusela alimkimbilia Bibi Shamsiya, mkunga wa serikali aliyesomea Tanga. Bibi Shamsiya alishika kichwa.

"Ya Rabi! Kanisani?"

Akamwita Ernesti, wakaja naye hadi kwa Elizabeti.

"Nilimwambia Mwalimu ili amwombee," Ernesti alisema. "Nilimtakia heri, bibi."

"Ulimwuliza mwenyewe kwanza?"

Ernesti alitikisa kichwa.

"Siri ya mgonjwa ni mali yake. Huigawi, hata kwa nia njema. Kanuni ya kazi yetu inakataza. Mama Noa ana haki ya kukushitaki kwa daktari. Na akiacha dawa kwa aibu, akaungua, nani amemuunguza?"

Ernesti alipiga magoti. "Nisamehe, Mama Noa. Sikuliwaza hilo."

Elizabeti alimshika bega. "Inuka. Ila siku nyingine, funga mlango na mdomo."

Bibi Shamsiya alipita pia kwa Semeni. "Kifafa hakiambukizi, si kwa muhogo wala kwa mate. Akianguka, mlaze ubavu, umwondolee vitu vya kumwumiza."

Jioni Semeni alibisha hodi na sahani ya muhogo. Alikula wa kwanza, akamsogezea Elizabeti.

Vidonge vilipokaribia kuisha, Elizabeti alirudi zahanati. Ernesti alifunga mlango kabla ya kumwuliza hali.

Jumapili iliyofuata, Mwalimu Manase, aliyekwisha kuonywa na Bibi Shamsiya, alimwendea kabla ya ibada, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Noa, nikuombee leo?"

"Niombee, Mwalimu. Jina litaje. Ugonjwa Mungu anaujua."