Diski Pacha za Dereva

Mume wangu aliendesha malori maisha yake yote, mpaka mgongo ukamkataa. Siku hizi anaendesha lori la kwenye kompyuta. Usicheke. Mimi nilicheka sana mwanzoni, nikachoka mwenyewe. Mtu mzima anakaa sebuleni, ameshika usukani wa plastiki, anapiga honi, anapanda milima na shehena ya mbao. Mtaa mzima bado unamwita Dereva, naye anaitika bila aibu.

Kompyuta ile haikuwa yake peke yake. Tuliinunua kwa ajili ya binti yetu, anayesomea uchoraji wa ramani za majengo. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Alikuwa anachora zahanati nzima, kuanzia msingi hadi paa. Kazi hiyo ndiyo ingeamua kama anafaulu au anarudia mwaka. Asubuhi na mapema alichora yeye. Akienda chuoni, baba yake anaingia barabarani. Mimi nashona pembeni yao, kwa hiyo kila kitu nakiona na kukisikia.

Shida ilianza na lori. Mchezo ulichelewa mno kufunguka. Dereva anauwasha, anakwenda kunywa chai, anarudi, skrini bado inazungusha kiduara. Akishaingia barabarani, kila akikaribia mji mpya picha inaganda, kisha inaruka. Siku moja iliganda akiwa kwenye kona. Ilipozinduka, lori lilikuwa mtoni. Alinuna mpaka jioni.

Akaenda kwa Kasi, muuza vipuri vya kompyuta kule sokoni. Watu walimpa jina hilo kwa sababu anaongea kama mtu anayefukuzwa. Kasi alimuuzia diski mbili zilizokwisha kutumika, akaja mwenyewe kuzifunga, akahamishia humo kila kitu na ile ya zamani akaichukua. Diski ni kile kisanduku kilichomo ndani ya kompyuta, kinachotunza kila kitu: michezo, picha na kazi za watu.

"Mzee, hizi nakufungia pacha," Kasi alisema huku anakaza skrubu. "Zinasoma kwa pamoja. Mchezo utapaa."

Pacha. Neno hilo ndilo lililotuponza.

Nyuma ya lori kubwa, matairi hufungwa mawili mawili, bega kwa bega. Mume wangu na madereva wenzake waliyaita pacha. Moja likipasuka njiani, la pili linashikilia mzigo mpaka ufike kwa fundi. Kwa hiyo mume wangu aliposikia diski pacha, yeye alielewa matairi. Hakuuliza. Kasi naye hakueleza, maana alikuwa ameshafika mlangoni.

Jioni ile Dereva alimwambia binti yetu, kifua mbele, "Kazi yako sasa iko salama kabisa. Diski ni mbili, pacha. Moja ikifa, nyingine inashika."

"Una hakika, baba?"

"Mimi nitakudanganya wewe?"

Binti alikuwa na flashi ndogo. Kila alipomaliza kuchora alikuwa akinakili kazi yake humo. Tangu siku ile akaacha. Flashi yenyewe akaifuta, akampa mwenzake wa chuo. Lori nalo likawa linafunguka haraka, na Dereva akatamba mtaa mzima.

Basi, asubuhi moja binti alikuwa ameshaondoka. Zilibaki siku chache akabidhi kazi. Nilikuwa nashona, nikasikia sauti. Tik. Tik. Tik. Nikadhani ni cherehani yangu. Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Sauti haikukoma.

"Baba, hiyo ni nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Feni tu," alisema Dereva. Lakini hakunitazama.

Skrini iliganda. Lori lake lilisimama katikati ya daraja. Akainua mkono alipige sanduku la kompyuta, kama alivyozoea kupiga redio ya lori.

"Usithubutu," nikamwambia.

Akashusha mkono. "Hata kama ni diski, ni moja. Moja imepata pancha. Nyingine itabeba."

Aliyasema hayo, lakini hakungoja. Aliufunga mchezo, akafungua mahali binti anapoweka michoro. Majina ya michoro yalitokea moja moja, polepole mno. Kati ya jina na jina, ile tik tik. Mimi sijui kompyuta, lakini nimeshona miaka mingi, na ninajua chuma kinavyolia kikiwa kinakaribia kukatika. Nilimwaza mwanangu anavyoamka kabla ya sisi sote, macho mekundu, kikombe mkononi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika nyumba ile.

Nilitoka mbio kumwita jirani yetu. Yeye ndiye fundi wa kompyuta za hospitali, na bahati nzuri siku ile alikuwa na mapumziko. Alikuja na kanga yake ya nyumbani, hakuvaa hata viatu. Aliinama, akasikiliza.

"Mzee, hizi diski mlifungiwa vipi?"

"Pacha," alijibu mume wangu.

"Pacha ya namna gani?"

"Kwani pacha ziko ngapi?"

Fundi aliivuta kibodi. Alibonyeza hapa na pale, akasoma skrini.

"Ziko namna mbili," alisema. "Namna ya kwanza, kila kitu kinaandikwa mara mbili. Diski hii ina chote, na ile ina chote. Moja ikifa, nyingine inabaki na kazi yako nzima."

"Hiyo hiyo," Dereva alidakia.

"Subiri, mzee. Namna ya pili, kila kitu kinakatwa vipande. Nusu inakaa huku, nusu inakaa kule. Diski zote mbili zinasoma pamoja, ndiyo maana ni za haraka. Ni kama kuchana barua katikati, ukawapa watoto wawili waipeleke. Watakimbia. Lakini mmoja akipotea njiani, barua haisomeki tena. Nyinyi mmefungiwa hii ya pili."

Mume wangu alisogea karibu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hii inayolia ikifa?"

"Zote zimekwenda. Na nzima pia haitatusaidia kitu."

"Nizime, niwashe upya?"

"Usizime, mzee. Usiguse kitu kwanza. Ukizima sasa inaweza isiwake tena." Fundi alinigeukia mimi. "Mama, kuna njia mbili. Kuna wataalamu wa kuokoa kazi kwenye diski zilizoharibika. Tukitaka hao, tuzime sasa hivi na tusiiwashe tena. Wanachukua majuma, na hawaahidi kitu. Au tunakili sasa, wakati bado inasoma. Lakini kila inapolia inazidi kujiumiza, inaweza kukatika katikati. Mwenye kazi ndiye achague."

Simu ilikuwa mezani. Tuliitazama sote.

"Mpigie," nikamwambia mume wangu.

"Mpigie wewe."

"Mimi sikumwambia iko salama."

Neno hilo lilimchoma, niliona. Sikulirudisha. Alichukua simu, akapiga moyo konde. Alimweleza binti kila kitu, hakuficha hata Kasi, hata matairi. Akaweka simu kwenye spika ili Fundi naye asikie. Kisha tukamsikia.

"Majuma sina. Nakilini. Anzeni na michoro ya zahanati. Picha na michezo viacheni. Nakuja."

Fundi alileta diski yake ya nje, ile inayochomekwa kwa waya. Akaanza. Kwenye skrini mstari wa kijani ulisogea kidogo, ukasimama, ukasogea. Hakuna aliyekaa. Mume wangu alikuwa nyuma ya mlango, mikono kichwani. Kila diski ikilia, alifumba macho.

Binti aliingia akihema. Hakutusalimia, na begi hakulitua.

"Msingi?"

"Umepita," alisema Fundi.

"Kuta?"

"Zimepita."

"Vyumba vya kujifungulia?"

"Vimepita. Sasa tuko kwenye paa."

Mstari ulisimama. Tik. Tik. Tik. Halafu sauti ikakoma. Mimi mjinga nikashukuru, nikadhani imepona. Kumbe ukimya ule ndio ulikuwa mbaya. Skrini ikawa nyeusi. Fundi alingoja, akajaribu tena, akangoja tena. Mwishowe alichomoa waya wake taratibu.

"Imekufa," alisema. "Pole, mdogo wangu. Paa limebaki humo."

Binti aliketi sakafuni, begi bado mgongoni. Dereva alitoka nyuma ya mlango. Nilitegemea amlaumu Kasi. Ningekuwa mimi, ningemlaumu Kasi.

"Nilikuambia iko salama," alisema. "Sikujua. Nilisema kama mtu anayejua."

Binti alilitua begi, akasimama. Alimwomba Fundi amwazime kompyuta yake ya mapajani, akahamia nayo chumbani. Alilichora paa upya, mbao kwa mbao. Ile michoro iliyookolewa aliinakili siku ile ile, nakala moja akaibeba chuoni, nyingine akampelekea shangazi yake. Alikabidhi kazi siku yenyewe, macho yamevimba. Majuma yaliyofuata, kila simu ikilia tulishtuka sote. Alifaulu. Nililia mpaka uzi ukanipotea mkononi.

Baadaye Fundi alikuja kututengenezea kompyuta. Dereva alikaa mbali kidogo, kama mgeni.

"Mzee, njoo," Fundi akamwita. "Nikueleze lori lako."

"Lori sitaki tena."

"Njoo tu. Mchezo ukifunguka, unasomwa kutoka kwenye diski. Ukikaribia mji mpya, mji nao unasomwa kutoka kwenye diski. Diski yenu ya zamani ilikuwa na sahani inayozunguka, ikichelewa kusoma, picha inaganda. Hapo ulikuwa na haki ya kulalamika."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Dawa yake haikuwa kuunganisha mbili. Ni diski moja mpya ya kisasa, zile zinazoitwa SSD. Haina sahani, haina kinachozunguka. Hiyo moja inazishinda mbali zile mbili za zamani."

"Na nikiunganisha SSD mbili?"

"Kwenye mchezo utaona tofauti ndogo mno, pengine usiione kabisa. Kitakachoongezeka ni hatari. Halafu kuna jambo jingine. Ukiwa katikati ya barabara, mvua inanyesha, magari ni mengi, na picha inakwenda kwa kusitasita, hapo kwa kawaida si diski. Ni kadi inayochora picha, au prosesa, ule ubongo wa kompyuta, au kumbukumbu yake ya muda haitoshi. Ukinunua diski kumi hazitasaidia. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya mchezo, uone."

Mimi nikauliza langu. "Na ile pacha nyingine, ya kuandika mara mbili? Si tungeifunga hiyo tukalala?"

"Inasaidia diski moja ikifa, mama. Lakini binti akifuta mchoro kwa bahati mbaya, unafutika kote kuwili. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba zote mbili. Hiyo si nakala. Nakala ni ile inayokaa mbali na kompyuta, na moja iwe nyumba nyingine. Na mkisikia diski inalia, acheni kucheza papo hapo."

Alifunga SSD moja kwa ajili ya kompyuta na michezo. Kazi za binti zikapata diski nyingine mpya. Tukanunua na diski mbili ndogo za nje za nakala. Lori sasa linafunguka kabla chai haijamiminwa. Kwenye mvua picha ilisitasita bado, mpaka Dereva alipopunguza ubora wake. Majani ya miti yamekuwa mabaya kidogo, lakini lori halijarudi mtoni.

Binti amepata kazi kwa mchoraji mmoja wa majengo, na bado anachorea nyumbani. Kila Jumamosi ananakili kazi ya juma zima. Diski moja inabaki kabatini, nyingine inakwenda kwa shangazi yake. Kwa miezi mingi aliipeleka mwenyewe. Hata akiwa na homa, aliipeleka mwenyewe. Baba yake alikuwa akimtazama anavyovaa viatu, kisha anamfungulia mlango.

Jumamosi iliyopita alimaliza kunakili, akachomoa waya. Badala ya kutafuta viatu, alimnyooshea baba yake ile diski.

"Baba, mpelekee shangazi."

Dereva aliipokea kwa mikono miwili. Akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilimchungulia dirishani. Alitembea mtaa mzima akiwa ameweka kiganja kifuani, watu wakimsalimu anawapungia kwa mkono mwingine.

Aliporudi alisimama mlangoni. "Imefika," alisema.

"Asante, baba," alisema binti, akaendelea kuchora.