Maharage Yaliyovuliwa Nguo

Kitu cha kwanza alichokiona mke wa fundi viatu alipoingia jikoni kilikuwa ndoo ya taka. Ilijaa maganda ya maharage, makapi ya uji na kingo za mkate. Akajisemea moyoni, "Ndoo hii inakula vizuri kuliko baba mkwe."

Tangu mzee atoke hospitali, alikomeza viuavijasumu, dawa za kuua vijidudu vya maradhi, kwa muda mrefu, mkamwana huyo ndiye aliyempikia. Alimenya maharage moja moja. Alichuja uji hadi ukawa kama maziwa. Kwake hiyo ndiyo heshima: mgonjwa asihangaike kutafuna. Lakini tumbo la mzee lilijaa, na choo kilikuwa kigumu kutoka.

Wifi yake alipokuja kumjulia hali baba, alishika kiuno.

"Baba anasinyaa kama ngozi isiyotiwa mafuta. Mwisho wa mwezi namchukua kwangu."

"Sawa, wifi," alijibu, akainamisha kichwa. Moyoni hakutaka mzee aondoke. Alikuwa yatima, na mzee huyo ndiye pekee aliyemwita "mwanangu".

Siku moja mhudumu wa afya wa mtaa alimkuta mke wa fundi mlangoni, akimenya bakuli la maharage.

"Shoga, hayo maharage unayavua nguo yaende kuoga wapi?"

"Ya baba. Tumbo lake halitaki kitu kigumu."

"Daktari ndiye kasema?"

Akafikiri. Hakuna daktari aliyesema hivyo.

Mhudumu akaketi. "Utumboni mna vijidudu wengi, na wengi wao ni wema. Kuna nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Zimo kwenye maganda hayo, vitunguu, ndizi, na nafaka isiyokobolewa. Zinateremka hadi kwa vijidudu hao, nao wanazila. Wakishiba, hutengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. Walinzi wengi wa mwili, yaani seli za kinga, wanakaa hapo, na huenda hilo likawasaidia kupambana na maradhi. Sasa, dawa za mzee ziliua wabaya, na wema nao wakapungua. Waliobaki unawanyima chakula."

"Kumbe nimewashindisha njaa."

"Hukujua. Ila hii si dawa. Kwanza apimwe zahanati. Wakikubali, anza kidogo kidogo, na maji anywe ya kutosha. Akipata homa, damu au maumivu makali, mrudisheni haraka, msisubiri maharage."

Zahanati walimpima mzee, wakakubali. Akaanza na kijiko kimoja cha maharage yenye maganda. Siku za mwanzo tumbo liliunguruma, na hewa ikamtoka ovyo.

"Baba, mteja wangu amehama benchi," fundi viatu alilalamika.

"Mfuate," mzee akajibu.

Taratibu choo kikalainika. Tumbo likapungua. Mzee akaanza kukaa nje asubuhi, akimshikia mwanawe viatu vya kushona.

Mwisho wa mwezi wifi akaja na teksi. Alimtazama baba yake, akasema, "Naona umepata nafuu. Lakini nimekuja, twende."

"Nafuu nimepata," alisema mzee. "Ila mzigo haujui uzito wake. Kama nimewachosha hapa, nitakwenda."

Akamgeukia mkamwana wake. Fundi akaacha kushona. Mkamwana alishika fremu ya mlango, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha kichwa.

"Hujatuchosha. Hata siku ile wifi alipokuja nilitaka kusema, nikaogopa. Sitaki uondoke, baba."