Kompyuta Isiyoguswa

Kila asubuhi Jemimah alipanguza vumbi kwenye kompyuta ya mwanawe, kisha akaifunika kwa kitambaa. Halafu alichukua kikapu, akaenda shambani kuchuma majani chai.

Mwanawe, Lewis, alifariki mwaka jana. Majirani huku Kebirigo bado walimwita Mama Lewis.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na picha za Lewis. Mlikuwa pia na sauti yake akiimba na kwaya ya kanisa. Jemimah hakuwa na ukumbusho mwingine wa sauti hiyo.

Binti yake, Persis, alijifunza kwa kompyuta hiyo hiyo. Alitaka cheti cha usimamizi wa Linux. Linux ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma na kuubadilisha. Hospitali moja mjini Kisii ilimwahidi Persis kazi ya kutunza kompyuta zake, mradi apate cheti kabla ya mwezi wa tisa.

"Soma," mama alimwambia. "Lakini usibadilishe kitu humo."

"Sitabadilisha, Mama."

Basi Persis alisoma kwa macho. Aliandika amri za kompyuta kwenye daftari. Alizikariri kama fungu la kukariri la Shule ya Sabato. Alizijua zote, lakini hakujaribu hata moja.

Mwezi wa sita alifanya mtihani. Alianguka. Alibakiwa na nafasi moja tu ya kurudia, mwezi wa nane.

Jumapili alasiri, mvua ikinyesha, jirani yao Mogire alikuja kuwaona. Mogire hutunza kompyuta za ofisi moja kule Nyamira. Alimkuta Persis amekaa na daftari lake.

"Mtihani ulikuwaje, dada?" aliuliza.

"Sikuulizwa maswali, Ndugu Mogire. Nilipewa kompyuta, nikaambiwa niitengeneze. Nilikosea mstari mmoja kwenye faili inayoorodhesha diski. Nilipoizima na kuiwasha, ikakataa kuwaka. Nikakaa nikiitazama mpaka muda ukaisha."

"Hapa nyumbani unafanyia mazoezi wapi?"

Persis alitazama kile kitambaa.

"Ni mimi niliyemkataza," Jemimah alisema. "Akiiharibu, Lewis wangu atapotea mara ya pili."

Mogire hakumlaumu. Aliuliza tu, "Mama Lewis, picha na nyimbo hizo ziko wapi kwingine?"

"Ziko hapo."

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

"Basi haziko salama. Diski huharibika hata bila kuguswa. Huwezi kujua siku yake. Zinahitaji nakala kwingine."

Jemimah aliinuka, akaenda jikoni. Walimsikia akisugua sufuria moja kwa muda mrefu.

"Umemwumiza," Persis alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Lakini ningenyamaza, ningemwumiza zaidi."

Jemimah alirudi, mikono imelowa maji. "Hiyo nakala inafanywaje?" aliuliza.

Jumapili iliyofuata Mogire alileta diski mbili za nje na kompyuta yake mwenyewe. Walinakili picha zote na nyimbo zote kwenye kila diski. Persis alidhani kazi imekwisha.

"Bado," Mogire alisema. "Nakala ambayo hujaifungua, usiitegemee. Fungua hizi kwenye kompyuta yangu."

Persis alifungua picha chache kutoka diski ya kwanza. Kisha akafungua wimbo. Sauti ya Lewis ikajaa nyumbani. Jemimah alikaa chini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku hiyo alikuwa na mafua," alisema. "Nilimwambia asiende kuimba. Hakusikia."

Mvua ilianza kupiga mabati. Persis alijaribu na diski ya pili. Nayo ilifunguka.

"Diski moja isikae nyumba hii," Mogire alisema baadaye. "Nyumba ikiungua, zote zitaungua."

"Nitaipeleka kwa dada yangu kule Masimba," Jemimah alijibu.

Ndipo Mogire akamwonyesha Persis jinsi ya kutengeneza kompyuta pepe. Ni programu inayojifanya kompyuta nyingine. Ina mfumo wake, na hukaa ndani ya kompyuta ya kweli.

"Kompyuta ndani ya kompyuta?" Jemimah alishangaa. "Kwani hii yetu ina mimba?"

"Ina mgeni, Mama Lewis. Mgeni akiharibika, tunamfukuza na kuleta mwingine. Mwenye nyumba haguswi." Kisha akamgeukia Persis. "Huyu mgeni, mharibu."

"Nimharibu?"

"Kwa makusudi. Kosea ule mstari uliokushinda. Akikataa kuwaka, mtengeneze. Kesho umharibu tena. Na ukimaliza kazi yoyote, zima, washa, uangalie kama kazi yako bado ipo. Ukisahau amri, usikimbilie daftari. Maelezo yamo ndani ya mfumo wenyewe. Jifunze kuyatafuta."

Persis alifanya hivyo kila siku baada ya kuchuma chai. Siku nyingine umeme ulikatika katikati ya kazi. Siku nyingine alilia. Wiki ya kwanza alihitaji alasiri nzima kumwamsha yule mgeni. Wiki ya sita alimwamsha kabla chai ya mama haijachemka.

Mwezi wa nane alikwenda Kisii kurudia mtihani.

Jibu lilimkuta shambani siku ya tatu. Alivua glovu, akasoma kwenye simu. Akasoma tena.

"Ni nini?" mama aliuliza kutoka mstari wa pili wa michai.

"Nimepita, Mama."

Jemimah aliacha kuchuma. "Walikupa tena ile kompyuta inayokataa kuwaka?"

"Waliniletea."

"Ukafanya nini?"

"Niliiwasha. Kisha nikaizima na kuiwasha tena, kuhakikisha."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Basi utahamia Kisii," alisema.

"Nitakuja kila Sabato."

"Nitabaki na mistari hii yote peke yangu."

Persis alivaa glovu, akavuka hadi mstari wa mama yake, akaanza kuchuma upande wa pili.