Mstari Ulionyooka Mno

Asubuhi za likizo, kazi ya Muhsina ilikuwa kufagia uwanja, kisha kwenda dukani kwa Mzee Tembo kununua boflo, mikate ya chai. Nyumbani kwao Mkongani hakuna aliyetia kitu kinywani kabla hajarudi. Naye hakuwa mwepesi wa kurudi, maana njiani alipita kwa rafiki yake Menza, na wasichana wawili wa Gredi ya Saba wakianza kuzungumza, hata chai ya nyumba ya tatu hupoa.

Likizo hii ya Agosti walikuwa na mgeni. Shangazi Mwanasha, dada ya babake, alikuwa mhandisi wa barabara, na alikuwa amepewa kazi ya kusanifu barabara mpya kutoka sokoni hadi zahanati. Njia iliyokuwapo ilikuwa ya udongo mtupu. Masika yakifika, pikipiki zilikwama na wagonjwa walibebwa kwa machela, kwa hiyo barabara hiyo ilikuwa ikisubiriwa na kila mtu.

"Shikamoo, shangazi," Muhsina alisema akiweka boflo mezani.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Shangazi, nataka kukuuliza. Wewe unachoraje barabara ndani ya kompyuta, na barabara yenyewe iko huku nje?"

Shangazi alicheka. Alichukua kisu, akavuta boflo moja na kuanza kuikata vipande kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Tuseme hii boflo ndiyo ardhi yetu, kutoka sokoni mpaka zahanati. Ukiitazama kwa juu waona boflo tu. Sasa nimeikata. Shika kipande hiki ukitazame kwa ubavuni. Mgongo wake ukoje?"

"Huku umeinuka, huku umebonyea kidogo."

"Na hiki cha pili?"

"Hiki hakikubonyea."

"Umeona? Kila kipande kina mgongo wake. Hiyo ndiyo tunayoiita sura ya mkato. Kabla sijachora barabara mpya, lazima kompyuta ijue ardhi ilivyo sasa, kipande kwa kipande. Nikiikosea ardhi, barabara yote imekosewa."

"Na boflo yangu imekwisha kukatwa kabla chai haijaiva," alisema mama yake Muhsina kutoka jikoni. "Basi kuleni hiyo barabara yenu kavu."

Msaidizi wa shangazi, kijana aitwaye Luqman, alikuwa amekwenda Vanga kwenye harusi ya dada yake. Shangazi alihitaji mtu wa kumshikia fimbo ya kupimia. Alipomtazama Muhsina, Muhsina alikuwa amesimama tayari, na kipande cha boflo kingali mdomoni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Shangazi alisimama nyuma ya mashine ya kupimia yenye miguu mitatu. Muhsina alishika fimbo ndefu yenye kioo kidogo kileleni, akavuka njia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mashine ilipokiona kioo, ililia kidogo na kuhifadhi pale mahali na kimo chake.

"Kila ardhi inapopanda au kushuka, simama hapo," shangazi alimwagiza. "Ukingoni, chini ya mtaro, juu ya kichuguu, popote. Mimi kutoka huku sioni chini ya miguu yako. Naona kioo tu. Wewe ndiye macho yangu."

Muhsina aliipenda sana sentensi hiyo. Asubuhi nzima alikuwa macho ya shangazi yake, na alisimama juu ya kila kichuguu.

Adhuhuri ilipokaribia walifika kwenye bonde dogo lililo jirani na nyumba ya Bi Jumwa, nyanyake Menza. Bonde hilo hushuka kutoka mlimani hadi njiani, na masika huleta maji mengi. Lakini Agosti halina maji. Lina upupu.

Upupu ulikuwa umeiva. Maganda yake ya kahawia yalining'inia kila mahali, yamejaa vinyweleo, na upepo ulikuwa ukivuma. Mwaka uliopita Muhsina alimfuata mbuzi humo ndani, akashinda akijikuna na kulia huku mamake akimsugua majivu. Mbuzi hakupata neno. Muhsina aliyatazama yale maganda na ngozi ikaanza kumwasha kabla hajayagusa.

"Shuka mpaka chini kabisa!" shangazi aliita kutoka kwenye mashine.

"Haya!"

Muhsina hakushuka. Alisogea hatua chache pale pale ukingoni, nyuma ya kichaka, akainua fimbo. Kioo kilionekana vizuri juu ya majani.

"Umefika chini?"

Alisita. "Nimefika!"

Mashine ikalia. Akasogea tena kidogo, ikalia tena. "Ahsante, mwanangu!" shangazi akasema, na wakaendelea mbele. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, na kufikia saa ya chakula Muhsina alikuwa amekwisha kulisahau.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala, shangazi aliketi kibarazani na kompyuta yake, akamwita Muhsina aje kuona matunda ya kazi yake. Kwanza kioo cha kompyuta kilijaa vitone vitupu. Kila kitone kilikuwa mahali ambapo Muhsina alisimama. Shangazi alibonyeza, na vitone vikaungwa kwa pembetatu nyingi hadi vikawa kama wavu uliotandazwa juu ya ardhi. Kisha akachora mstari wa katikati wa barabara, na juu yake akaweka mistari mifupi ya kukata, mmoja baada ya mwingine, sawa na alivyoikata boflo.

"Sasa bonyeza wewe. Hapo."

Muhsina alibonyeza. Papo hapo visanduku vikajipanga safu kwa safu, na ndani ya kila kisanduku mlikuwa na mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Huo mstari ndio ulikuwa ardhi ilivyo sasa. Alifurahi hata akapiga makofi. Alikitambua kichuguu cha karibu na soko. Aliutambua mtaro wa shamba la mihogo, na pale msikitini njia inapoinama.

Kisha akakiona kisanduku cha bondeni. Mstari wake wa kijani ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Alaa!" shangazi alisema, akiinamia kompyuta. "Hapa nilidhani pana bonde, kumbe ni vichaka tu. Alhamdulillahi. Basi hapa hatutahitaji kalvati."

"Kalvati ni lile bomba kubwa la zege?" Muhsina aliuliza taratibu.

"Ndilo. La kupitishia maji chini ya barabara. Barabara mpya itainuliwa, unajua. Kama pangekuwa na bonde na sisi tusiweke kalvati, maji ya mlimani yangezuiwa. Yangefuata ukingo wa barabara mpaka yapate mahali pa chini, na hapo yangeingia."

Mahali pa chini Muhsina alipajua. Palikuwa kwa Bi Jumwa.

"Shangazi," alisema.

"Naam?"

Muhsina akaishika birika. "Nikuongeze chai?"

"Ongeza, mwanangu. Jumatatu kuna baraza. Nitawaonyesha watu hii kazi, na nitasema nani alinishikia fimbo."

Muhsina alimimina chai hadi ikamwagika kwenye sahani.

Jumamosi majirani walikusanyika kwa Bi Jumwa kukandika nyumba yake mpya. Fito zilikuwa zimekwisha kusimamishwa na kufungwa. Wanaume walichimba udongo, wanawake walichota maji, watoto waliukanyaga udongo kwa miguu mpaka ukalainika, kisha kila mtu akachukua madonge na kuyashindilia ukutani. Kulikuwa na nyimbo na vicheko, na wali wa nazi ulinukia kutoka jikoni. Shangazi Mwanasha naye alijifunga leso kiunoni akaingia kazini, udongo mpaka viwikoni.

Menza alikuwa na furaha isiyo kifani. "Hiki ndicho chumba chetu, mimi na nyanya," alimwambia Muhsina. "Tangu nizaliwe sijawahi kulala penye ukuta mpya. Wewe kandika hapa, karibu na dirisha langu."

Muhsina alichukua donge akalibandika. Akachukua la pili. Kila alipolisawazisha kwa kiganja aliona maji ya masika yakija kwenye ukuta huo huo, udongo ukilainika na kumeguka, na Menza amesimama nje na godoro kichwani.

Bi Jumwa akapita na sinia la mahamri. Alilisogeza kwa Muhsina kabla ya wote.

"Anza wewe, mjukuu wangu. Nimesikia wewe ndiye unayetupimia barabara. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Muhsina alilitazama hamri, kisha akaitazama mikono yake yenye udongo. Machozi yakamtoka. Hakungoja tena. Alizunguka nyumba hadi alipokuwa shangazi yake, akamshika leso.

"Shangazi, sikushuka."

"Hukushuka wapi?"

"Bondeni. Kuna upupu. Nilisimama juu ukingoni nikakwambia nimefika. Bonde lipo, shangazi. Lina kina, laweza kunifunika. Masika hujaa maji. Na maji yakizuiwa yatakuja hapa."

Shangazi hakumkemea. Aliliweka chini donge alilokuwa nalo, akautazama ukuta aliokuwa akiukandika.

"Jumatatu ningesimama mbele ya hawa watu," shangazi alisema hatimaye, "nikawaambia hapa ni tambarare. Nao wangenipigia makofi." Akashusha pumzi. "Umenihuzunisha, Muhsina. Lakini umesema, na umesema mapema. Na mimi pia nina kosa. Nilitilia shaka pale mahali, kisha nikauamini mstari kwa sababu ulinipunguzia kazi. Ilinipasa kwenda kuangalia kwa macho yangu. Haya, nawa mikono. Tunarudi bondeni."

"Na mimi nakuja," alisema Menza, aliyekuwa amemfuata rafiki yake na kusikia yote. Alimkazia macho Muhsina. "Nimekukasirikia. Lakini huwezi kuingia kwenye upupu peke yako."

Walijifunga leso mikononi na usoni wakabaki macho tu. Shangazi alitangulia na panga, akafyeka upupu taratibu na kuuburura pembeni kwa ufito mrefu, kisha akarudi kwenye mashine yake. Wasichana wakashuka. Muhsina alipofika chini kabisa na kusimamisha fimbo, kioo kilizama chini ya ukingo hata shangazi hakukiona tena. Ikabidi fimbo ivutwe na kurefushwa.

"Umefika chini?" shangazi aliuliza.

"Nimefika!" Muhsina akajibu. Kitu kilikuwa kimeanza kumwasha shingoni.

Jioni, wote watatu walikaa kibarazani wamepakwa majivu kama watu waliotoka kuchoma mkaa, wakijikuna na kuzozana nani ameumia zaidi. Mama alisema hajapata kuona mhandisi wa namna hiyo. Shangazi aliingiza vitone vipya, wavu ukajifuma upya, na Muhsina akabonyeza palepale alipobonyeza Ijumaa. Kisanduku cha bondeni kikafunguka. Mstari wa kijani ulitoka kushoto, ukateremka ghafla, ukagusa chini, ukapanda tena.

"Ndilo," alisema Menza. "Bonde letu hilo."

"Mtazameni vizuri huyu kompyuta," shangazi alisema. "Ni mwepesi wa hesabu, lakini hajui kuuliza. Ukimpa kweli atachora kweli. Ukimpa uongo atachora uongo, tena kwa mstari mzuri ulionyooka, na watu wazima watauamini."

Jumatatu watu walijaa uwanjani kwa chifu. Shangazi alieleza kazi yote, kisha akauliza nani ana swali. Bi Jumwa akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Barabara tunaitaka, binti yangu. Mimi nauliza jambo moja tu. Maji ya lile bonde karibu nami yatapita wapi?"

Shangazi aliigeuza kompyuta ikawaelekea watu. "Muhsina, mwonyeshe."

Muhsina alisogea mbele. Alimwonyesha Bi Jumwa mstari wa kijani unavyozama, na duara dogo lililochorwa chini yake. "Hapa patawekwa kalvati, nyanya. Maji yatapita chini ya barabara, yafuate njia yake ya zamani. Hayatakuja kwako."

Bi Jumwa aliinama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaitazama mikono ya Muhsina, iliyokuwa imejaa michubuko ya kucha. "Kumbe uliingia mle kwenye upupu?"

Uwanja mzima ulicheka. Muhsina angeweza kucheka nao akarudi mahali pake, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Menza, akamtazama shangazi.

"Mara ya kwanza sikuingia, nyanya," alisema. "Niliogopa, nikadanganya. Kalvati lilikuwa limekwisha kuachwa."

Kicheko kikakatika. Bi Jumwa akamshika mkono.

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili niliingia."

"Basi ukuta wangu umeukandika mara mbili," alisema Bi Jumwa. "Jumamosi uliukandika kwa udongo. Leo umeukandika kwa kusema kweli, na huu wa leo ndio utakaozuia maji. Kuogopa si aibu, mjukuu wangu. Ila ukiogopa, sema umeogopa, watu wakusaidie. Sasa njoo unywe chai kwangu, na hamri lako la juzi bado nimekuwekea."

Muhsina alikwenda, akijikuna shingo njia nzima.